Kusomana kwa mifumo kufike hadi kwenye nyumba ya pampu

Siku hizi hotuba ya serikali kuhusu TEHAMA haikamiliki bila neno "kusomana". Mifumo ya kodi isomane na ya bandari, ya hospitali isomane na ya bima, na Mamlaka ya Serikali Mtandao imejenga GovESB ili taasisi zipitishie humo taarifa zao. Ni jambo jema, ila mjadala wote unaishia kwenye kompyuta za ofisini. Huku kwetu, kuanzia chanzo cha maji cha Ihelele hadi machimbo ya Geita, kuna kompyuta nyingine zisizo na kibodi, zimefungwa ndani ya paneli za chuma. Ndizo zinazowasha pampu, kufungua vali na kupima uzito wa mawe yanayoingia kinuni. Mafundi wanaziita PLC, na kila kampuni inazitengeneza kwa lugha yake.

Swali langu ni dogo, ila lina fedha ndani yake: je, mtambo unaonunuliwa kwa fedha za umma ulazimishwe kuzungumza lugha ambayo mtambo wa kampuni nyingine unaielewa?

Tuchukue maji. KASHWASA, mamlaka ya maji ya Kahama na Shinyanga, huteka maji ya Ziwa Victoria pale Ihelele, wilayani Misungwi, huyasafisha na kuyasukuma hadi Shinyanga na Kahama. Mradi ulizinduliwa mwaka 2009. Baadaye bomba likasogezwa hadi Nzega, Igunga na Tabora kwa mkopo wa India wa takriban dola milioni 268. KASHWASA huuza kwa jumla, na mamlaka za miji kama SHUWASA hununua na kusambaza majumbani. Kwa hiyo lita moja ya maji hupita kwenye kazi ya wakandarasi wa nyakati mbalimbali, na kwenye vitabu vya taasisi zaidi ya moja. Anayetaka kujua kiasi gani kimepotelea njiani lazima mita ya juu na mita ya chini zisomwe kwa wakati mmoja. Pale mitambo ya pande mbili isiposikilizana, kinachobaki ni simu, daftari na picha ya mita iliyotumwa WhatsApp.

Hakuna anayekaa kupanga mchanganyiko wa namna hii. Mkandarasi huja na alichokizoea: huyu Siemens, yule Schneider, mwingine Allen-Bradley ya kampuni ya Rockwell. Mkopo ukitoka nchi nyingine, vifaa navyo hutoka nchi nyingine. Migodini hali inafanana. Bulyanhulu ilifunguliwa mwaka 2001 chini ya Barrick, ikawa ya African Barrick Gold mwaka 2010, ikaitwa Acacia mwaka 2014, ikasimamisha uchimbaji wa chini ya ardhi baada ya sakata la makinikia (mchanga wenye dhahabu uliozuiwa kusafirishwa nje) la 2017, kisha ikarudi kwa Barrick mwaka 2019 na kuingia Twiga, kampuni ya ubia ambamo serikali ina asilimia 16. Mgodi uliopita mikononi namna hiyo hauwezi kutegemewa kuwa na mitambo ya rika moja.

Wapo watakaosema tatizo hili lilishatatuliwa zamani, na wana hoja. PLC ya kwanza, Modicon 084, ilibuniwa na kundi la Dick Morley huko Marekani mwaka 1968. Mwaka 1979 kampuni hiyo hiyo ya Modicon ikatoa Modbus, itifaki rahisi ambayo leo karibu kila mtengenezaji anaikubali, na haina ada. Unganisha kebo, andika Modbus pande zote mbili, kazi imekwisha.

Haijaisha. Modbus inaeleza namna ya kusafirisha namba, haisemi namba hiyo ni ya nini. Chukua mtiririko wa mita za ujazo 100 kwa saa. Namba yenye desimali huhifadhiwa kwenye rejista (visanduku vya kumbukumbu) mbili zinazofuatana, kila moja ya biti 16, na kwa utaratibu unaotumika sana 100 hiyo hukaa kama 17096 katika rejista moja na 0 katika nyingine. Modbus yenyewe haikuamua kipande kipi kitangulie. Mtambo unaopokea ukichukua rejista moja tu, skrini inaweza kuonyesha 17096. Ukivisoma vipande vyote viwili lakini kinyume, inatoka namba ndogo mno hata skrini inaandika 0.00. Pampu inanguruma, bomba limejaa, na chumba cha udhibiti kinasema hakuna maji.

Bado hujagusa hesabu ya rejista zenyewe. Kitabu cha mtengenezaji mmoja huanza na moja, cha mwenzake huanza na sifuri. Ni kama Mswahili anayekuambia mkutane saa mbili asubuhi huku saa yako ya mkononi ikisoma nane: wote mko sahihi, lakini msipoelezana mtapishana.

Kinachotatua haya ni karatasi: jedwali la rejista, linaloeleza kila namba inakaa wapi, kwa kipimo gani, kipande kipi kitangulie. Kwa maoni yangu hapo ndipo tunapoibiwa, ingawa kisheria si wizi. Mkandarasi anakabidhi jengo, pampu na funguo za mlango. Jedwali anaondoka nalo kwenye laptopu. Programu iliyomo ndani ya PLC ameifunga kwa nywila. Miaka mitatu baadaye fundi wa mamlaka, kijana aliyesoma VETA na anayejua kazi, anaishia kutazama taa za kijani zikimwekamweka, kisha unaandikwa mkataba wa kumrudisha mkandarasi yuleyule kwa bei yake.

Dawa inayopendekezwa mara kwa mara ni kuchagua kampuni moja kwa nchi nzima. Vipuri vinakuwa vya aina moja, mafunzo yanakuwa ya aina moja. Mgodi mkubwa unaweza kufanya hivyo, maana una fedha na wahandisi wa kusimamia uamuzi wake. Mamlaka ya maji inayojengewa leo kwa fedha za ndani na kesho kwa mkopo wenye masharti haiwezi. Na ikiweza, itakuwa imempa muuzaji mmoja uhuru wa kupanga bei.

Pingamizi la usalama ni zito zaidi. Modbus ya asili haina nywila: aliyefika kwenye mtandao anaweza kusoma, na anaweza pia kuandika. Stuxnet, programu hasidi iliyogunduliwa mwaka 2010, iliharibu mashine za kurutubisha urani za Iran kwa kupitia PLC. Lakini PLC zile zilikuwa za Siemens, zenye lugha ya kampuni, na ufungaji huo haukuzisaidia. Itifaki ya kisasa ya OPC UA, iliyotoka miaka ya 2000, hubeba jina na kipimo cha kila namba, na inaweza kusimba taarifa na kumtambua anayeomba. Gharama yake ni kubwa zaidi, na PLC za zamani zinahitaji kifaa cha katikati cha kuzitafsiria. Kwa kupeana takwimu za mita, ruhusa ya kusoma tu inatosha. Hakuna sababu ya Kahama kuweza kuzima pampu ya Ihelele.

Wenye vinu vidogo vya kuchenjulia marudio Geita na Kahama ningewaacha kabisa nje ya sharti hili. Karasha inayowashwa kwa swichi haina cha kusomana na mtu.

Ningeanza na maji, si migodi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ipo, mamlaka inayosimamia ununuzi huo, PPRA, ina nyaraka sanifu za zabuni, na kinachotakiwa ni kifungu kimoja: mkandarasi akabidhi jedwali la rejista, programu isiyofungwa na nywila zote, na kabla ya malipo ya mwisho mtambo wake usomwe mbele ya mhandisi na kifaa cha kampuni nyingine. Jaribio hilo la mwisho ndilo lenye meno. Karatasi hughushiwa kirahisi; namba iliyo sahihi kwenye skrini ya mshindani ni ngumu kughushi.

Migodini serikali haina haja ya kuchagua nyaya za mtu, lakini penye asilimia zake 16 ina kiti, na inaweza kuuliza kama jedwali la rejista litakabidhiwa. Buzwagi, mgodi uliofungwa mwaka 2021, ndipo palipopangwa kiwanda cha kusafisha nikeli ya Kabanga chini ya Tembo Nickel, kampuni ambayo serikali ina hisa zilezile 16. Swali hilo likiulizwa kwenye bodi kabla paneli hazijaagizwa, litamgharimu mkandarasi kurasa chache za nyongeza kwenye makabidhiano.