Kitendawili Hakipimwi kwa Jasho la Mtegaji

Machi 2014, Gabriele Cirulli, Mtaliano wa miaka 19, alitunga 2048, mchezo wa chemshabongo wa kuunganisha namba, kwa siku chache tu. Watunzi wa Threes, mchezo uliotangulia na uliowachukua zaidi ya mwaka, waliuhukumu vikali: ni mbovu, kwani huvukwa kwa kurundika namba kubwa konani.

Lalamiko lao la kuigwa lina haki, na Threes yastahili kutajwa. Hukumu ya ubovu, hata hivyo, haina mashiko. Kibera na Kawangware, ambako bando hununuliwa kidogo kidogo na simu moja hupita mikononi mwa wengi, 2048 ni mchezo wa bure, mwepesi kupakua, na msimbo wake u wazi kwa kijana anayetaka kujifunza utunzi wa programu. Mbinu ya kona nayo si kasoro kwa anayeigundua mwenyewe. Ndiyo jibu la kitendawili.

Fasihi simulizi yafunza hivyo: kitendawili chepesi hutangulia, kigumu hufuata. Mhakiki anayekidharau cha kwanza huwafungia wanagenzi mlango wa cha pili.