Tuache Kuanza na Mkoba

Nina ugomvi na mkoba wa kitenge. Si na anayeubeba, bali na sisi walimu tunaoufanya somo la kwanza katika madarasa ya ushonaji ya mtaani. Nasema "sisi" kwa sababu nami niliufundisha miaka mitatu, hapa Tanga, katika ukumbi wenye vyerehani sita vya miguu.

Najua kwa nini tunaupenda. Mkoba hauna mwili. Hauna kifua cha kupima, hauna bega wala shingo ya kukata. Ni mstatili uliokunjwa katikati, mishono miwili ya pembeni, pindo la juu na mikanda miwili. Siku ya pili mwanafunzi ana kitu cha kuinua mbele ya kamera, na mfadhili ana picha ya ripoti. Kila mtu anatabasamu.

Mwanafunzi wangu mmoja, mama wa watoto watatu, alikuwa ameshashona mikoba saba. Asubuhi moja mwanawe alirudishwa kutoka shule kwa kuwa kaptula yake imechanika nyuma. Mama yule akaichukua kaptula, akaupita mlango wetu, akaipeleka kwa fundi wa barazani, akalipa. Nilipomuuliza baadaye, aliinamisha macho: "Mwalimu, hiyo hatujafundishwa."

Alisema kweli. Na ile mikoba saba? Miwili niliinunua mimi mwenyewe. Mitano ilikuwa inaning'inia msumarini kwake.

Tunawaambia kina mama kwamba mikoba ina soko. Soko la nani, ikiwa kila darasa linashona mkoba uleule? Mteja wa mtaani ni jirani mwenye zipu iliyoharibika, sketi inayombana, pazia linaloburuza chini. Huyo yupo kila siku, na pesa yake, hata ikiwa ndogo, ipo mkononi.

Basi tuanze na khanga. Khanga hununuliwa doti, vipande viwili vilivyoungana. Lazima mtu aitenganishe na kukunja ncha. Mafundi wanaokaa nje ya maduka ya nguo hulipwa kwa kazi hiyohiyo. Ndani yake mna somo zima la mwanzo: kukata bila kupinda, kukunja mara mbili ili nyuzi zisichomoze, kuoanisha mguu na mkono, kufunga mshono usifumuke. Na ukienda upogo, michoro ya pindo itakusuta kabla ya mwalimu.

Kisha kiraka. Kisha shati bovu la mtumba: lifumue lote, panga vipande mezani, vitazame, virudishe. Aliyewahi kufumua kola kwa mkono wake haiogopi tena kola.

Wapo wanaonipinga, na si wafadhili tu. Mwanafunzi mmoja aliniambia usoni kwamba hakuja darasani kusomea umaskini. Viraka anavyo nyumbani. Neno lile lilinichoma, na sitalidharau. Anayeanza anahitaji kuona kitu kizuri kimetoka mikononi mwake. Lakini uzuri wa kazi ya mkono uko wapi ikiwa inapendeza ukumbini tu, na nyumbani haimfai mtu? Umaskini wenyewe ni kuwa na cheti ukutani na kaptula ya mwanao kwa fundi. Tena kiraka kilichowekwa kwa ndani, kwa uzi wa rangi ileile, kikapigwa pasi, hakionekani. Huo ni ufundi, na watu huulipia.

Siufukuzi mkoba. Uje wiki ya nane, ukiwa na bitana, mfuko wa ndani na zipu iliyonyooka. Mkoba wa namna hiyo hununuliwa kwa sababu ni mzuri, si kwa huruma.

Yule mama amerudi. Amekaa cherehani ya pili kutoka dirishani na anakunja khanga za majirani zake. Sikumwomba msamaha kwa maneno, nilibadilisha somo. Muhula huu sharti la siku ya kwanza lilikuwa moja tu: kila mtu aje na nguo iliyochanika kutoka nyumbani kwake.

Hakuna aliyekosa cha kuleta.