Kahawa ya Barafu Si Uzungu

Sisi Watanzania tunaosoma Ulaya tuna utani wetu. Mwenzetu akiagiza kahawa ya barafu, huambiwa: "Huyu tayari kashakuwa Mzungu." Watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Mimi nimechoka kucheka.

Nasoma Hamburg. Mji huu umepokea meli za kahawa kwa karne kadhaa, na mwaka 1887 ulianzisha soko lake la kuuziana kahawa. Ungedhani hapa kahawa baridi si kazi kuipata. Basi agiza "Eiskaffee" mwezi wa Julai uone. Utaletewa glasi ndefu ya aiskrimu ya vanila, juu yake krimu iliyopigwa mpaka ikaumuka, na kahawa kidogo imejificha chini kama mdaiwa. Ni kitindamlo, tena kitamu, ila kisiitwe kahawa. Kwingine watakumwagia kahawa ya moto juu ya vipande vitatu vya barafu: si moto, si baridi, maji matupu. Nilizunguka majira mazima ya joto ndipo nikapata kimkahawa kimoja karibu na chuo kinacholoweka kahawa ya kusaga katika maji baridi usiku kucha. Nyeusi, chungu, bila sukari. Yuro 4.50.

Ladha ile naijua. Ni ya muuza kahawa wa kwetu Mtwara, anayepita jioni na dele lake juu ya makaa huku akigonganisha vikombe, kasoro tangawizi na kashata tu. Sasa niambieni Uzungu uko wapi. Kwenye kahawa? Inalimwa Mbinga, mkoa wa Ruvuma, mkoa uleule ambako mto wetu unaanzia, milima ya Matogoro, kabla ya kuja kumwagika baharini upande wa Msimbati. Kwenye barafu? Mtoto gani wa Shangani hakununua barafu ya ukwaju au ya ubuyu kwenye friji ya jirani? Sijasikia mama hata mmoja akiambiwa anauza Uzungu.

Kuna watakaosema asili yetu ni kahawa ya moto. Asili ipi? Neno "kahawa" lenyewe ni la Kiarabu. Wazee wa pwani walikipokea kinywaji cha watu, wakakitilia tangawizi, wakakiwekea kashata pembeni, kikawa chetu. Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Barafu imekosa nini?

Wala utani huu si mdogo kama unavyoonekana. Sehemu kubwa ya kahawa ya Tanzania huuzwa nje ikiwa mbichi, haijakaangwa. (Watu wa korosho, wimbo huu mnaujua, yenu hupakiwa na maganda yake kwenda India na Vietnam.) Nyumbani tunabakiwa na kahawa ya wazee barazani na unga wa kopo hotelini. Kijana wa Mtwara akizidiwa na joto hununua soda. Kijana huyohuyo akifika Hamburg anatoa yuro 4.50 bila kunung'unika, na faida ya kukaanga inabaki hukohuko. Halafu tunamcheka kwa kuinywa, badala ya kuuliza kwa nini ilimbidi apande ndege ndipo auziwe.

Ninachotaka hakihitaji mtaji wa benki. Kahawa chungu ileile ipikwe alfajiri, nzito kuliko kawaida kwa sababu barafu itaizimua. Iachwe ipoe, itiwe kwenye friji, barafu itengenezwe kwa maji yaliyochemshwa. Saa nane mchana, watu wanaposubiri kivuko cha Msangamkuu na jua limewasimamia utosini, mtu apite nayo kwenye ndoo ya kutunzia baridi. Shilingi 500 kikombe. Nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na atakayeniita Mzungu nitamwagizia cha kwake.