Duma ya Warusi na Uvivu wa Wafasiri

Kila itajwapo Duma katika taarifa za habari, hakosi mtani wa kusema kwamba Warusi wamemkalisha mnyama kitini. Utani huo hauna ubaya. Duma wetu mwenye mbio na neno la Kirusi wamekutana kwa sauti tu. Ubaya uko kwa wafasiri waandikao "Duma, yaani Bunge la Urusi," kisha wakaridhika.

Kwanza, si kweli. Kwa Katiba ya 1993, bunge la Urusi lina mabaraza mawili. Duma yenye wajumbe 450 ni la chini, na la juu ni Baraza la Shirikisho. Pili, na hili ndilo liniumalo, tafsiri hiyo yaliua neno lenyewe.

Duma kwa Kirusi ni fikira, tena fikira nzito. (Wako wanaisimu walirejeshao neno hili kwenye Kigothi, kwa maana ya hukumu; wengine hawakubali.) Maboyari walioketi na watawala wa Moscow waliitwa kutoa shauri, na mtoa shauri si mwamuzi. Hata Nikolai wa Pili, alipolazimishwa na mapinduzi ya 1905 kukubali Duma ya Taifa, alijibakizia uwezo wa kuivunja. Ya kwanza ilifunguliwa Mei 1906 ikavunjwa Julai, baada ya siku 72, na wajumbe wakakuta milango imefungwa. Ya pili, ya 1907, haikutimiza miezi minne. Asomaye "bunge" tu atayaonaje haya? Ataona wabunge wamefukuzwa. Hataona watu walioitwa kufikiri wakathubutu kutaka kuamua.

Nasi wapenzi wa ushairi twadhulumiwa zaidi. Huko Ukraine, duma ni utungo wa kuimbwa kwa kobza au bandura, wenye habari za Makosaki, vita na mateka, na waimbaji wake aghalabu walikuwa vipofu. Naye mshairi Kondraty Ryleyev aliupa diwani yake ya 1825 jina hilo hilo, kwa wingi. Mwaka uliofuata akanyongwa kwa kuongoza uasi wa Desemba. Fikira, utenzi, baraza: yote katika neno moja!

Nitaambiwa msomaji wa gazeti hana wakati wa haya. Mbona sisi wenyewe twasema baraza, na kila mtoto wa mji ajua kuwa neno hilo lina kibao cha mawe mbele ya nyumba ndani yake? Majlisi nayo ni pa kuketi, na Wafaransa bunge lao wamelitoa katika kusema. Na aandike mfasiri "Duma, baraza la chini la bunge la Urusi, jina litokanalo na kufikiri." Ni mstari mmoja tu.