Penye miti hapana wajenzi: Gofu ya Kilifi na vyuo vyake

KAUNTI ya Kilifi ina hazina ambayo kaunti nyingi nchini zinaitamani. Uwanja wa gofu wa Baobab, ulioko Vipingo Ridge, ulianza kuandaa mashindano ya Magical Kenya Ladies Open, ya msururu wa wanawake wa Ulaya, mnamo Desemba 2019.

Mshindi wa mwaka huo, Mjerumani Esther Henseleit, alinyakua nishani ya fedha katika Olimpiki za Paris 2024. Aditi Ashok wa India alitwaa taji la Vipingo mwaka wa 2023, naye Shannon Tan wa Singapore akalitwaa mwaka uliofuata akiwa na umri wa miaka 19.

Ushindi wa Tan ndio unaostahili kutufikirisha. Binti huyo alikuwa ndiyo kwanza ameingia katika gofu ya kulipwa, baada ya kuchezea timu ya Chuo Kikuu cha Texas Tech, Marekani. Alinolewa chuoni, akaja kuvuna Kilifi.

Je, kijana wa Kibarani, anayeishi mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka Vipingo, atanolewa wapi?

Wapo watakaodai kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba chuo kidogo hakiwezi kuumudu. Ni kweli kuwa fimbo na ada za uwanja ni ghali. Hata hivyo, timu ya gofu ya chuo nchini Marekani kwa kawaida hupeleka wachezaji watano pekee mashindanoni, na alama za wanne bora ndizo huhesabiwa. Gari moja dogo linawatosha pamoja na kocha wao. Timu ya soka haiendeshwi kwa idadi hiyo.

Isitoshe, vyuo vya daraja la tatu la NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo huko, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa kigezo cha michezo. Lakini Chuo Kikuu cha Methodist cha North Carolina, kilicho katika daraja hilo, kimetwaa mataji mengi ya kitaifa ya wanawake. Chuo hicho pia hufundisha usimamizi wa gofu, hivi kwamba asiyefaulu kama mchezaji huondoka na taaluma.

Hapo ndipo penye funzo kwetu. Kilifi ina Chuo Kikuu cha Pwani, kilichopata hadhi kamili mwaka wa 2013, pamoja na vyuo vya kiufundi. Chuo hakilazimiki kumiliki uwanja. Kinachohitajika ni mkataba wa maandishi na klabu jirani kuhusu saa ambazo wanachama ni wachache, kocha anayelipwa, fimbo za kutumiwa kwa zamu, na sharti kwamba anayezembea masomoni hachezi.

Mkataba huo usitegemee hisani ya meneja mmoja au mfadhili mmoja, kwani akiondoka, timu nayo itakufa. Serikali ya kaunti inaweza kuudhamini na kudai ripoti kila mwaka.

Wachezaji wengi wa kulipwa nchini walianza kwa kubeba mifuko ya wengine. Si aibu, ila haifai iwe ndiyo njia pekee. La sivyo, mashindano yataendelea kuja na kuondoka, na vijana wa Kibarani watabaki kukata nyasi ambayo wengine wanaikanyaga wakielekea kwenye mataji.