Silaha za Sauli na Gitaa la Jumapili



Neno letu leo liko 1 Samweli 17, kuanzia mstari wa 38. Nitalitumia kujibu swali ambalo vijana wa timu ya sifa wamelibishania sana: je, wapiga gitaa wetu wanunue sauti zilizotengenezwa tayari, ama wajitengenezee wenyewe? Kama hupigi gitaa, usipite. Pesa zinazoombwa ni zile ulizotoa kwenye kikapu. Tena swali lenyewe linaanzia kwenye gitaa tu, haliishii hapo.

Kwanza tuelewane. Zamani, mpiga gitaa aliyetaka sauti tofauti alihitaji ampu tofauti. Fender ina sauti safi, Marshall inanguruma, Vox inalia kama kengele. Siku hizi kuna mashine inayowekwa sakafuni na kukanyagwa kwa mguu. Ndani yake ni kompyuta inayoiga ampu hizo zote. Kampuni ya Line 6 ilitoa POD, mashine ya kuiga ampu, mwaka 1998, na leo ziko nyingi: Zoom na Valeton ambazo kijana anaweza kujichangia pole pole, mpaka Kemper na Quad Cortex ambazo ukisikia bei unaketi chini. Mpangilio mmoja wa sauti uliohifadhiwa ndani ya mashine unaitwa priseti. Fundi aliye Marekani ama Uingereza anautengeneza, anauweka kwenye intaneti, wewe unalipa, unaupakua, unauingiza kwenye mashine yako. Dakika tano umemaliza. Ama ndivyo unavyoambiwa.

Msimamo wangu ni huu: kununua priseti si dhambi, lakini asiyejua kujenga sauti hata moja hajawa tayari kununua. Mikono ijifunze kwanza, pochi ifuate baadaye.

Sasa turudi kwa Daudi. Anakwenda kupigana na Goliathi. Sauli anamvika mavazi yake mwenyewe: kofia ya shaba na vazi la vita, kisha Daudi anajifunga upanga juu yake. Mpendwa, angalia jambo ambalo wengi hulipita. Silaha zile hazikuwa mbovu. Zilikuwa za mfalme! Na siku hiyo Sauli alitaka kusaidia. Shida ni kwamba zilishonwa kwa kipimo cha Sauli, mtu ambaye Biblia inasema aliwapita watu wote kwa kimo, kutoka mabegani kwenda juu. Daudi akazivaa, akajaribu kutembea, akaona haziendi. Akazivua. Sababu aliyotoa ni moja tu: hakuwa amezijaribu.

Priseti nayo ilishonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Nitakuonyesha mambo matatu, na wapiga gitaa mtanishuhudia.

La kwanza ni gitaa lenyewe. Aliyeitengeneza pengine alikuwa na Les Paul yenye hambaka, ambayo hutoa sauti nzito na yenye nguvu. Wewe una gitaa la aina ya Stratocaster lenye koili moja, sauti yake nyembamba na kali. Priseti ni ileile, lakini kwako inatoka kama bati. Mashine haijaharibika, na wewe hujaibiwa. Ulivaa koti la mtu mwingine.

La pili ni kiwango cha sauti. Sikio la mwanadamu halisikii besi na sauti kali kwa usawa. Ukipiga kwa sauti ya chini, besi na ncha kali zinapungua masikioni mwako. Ukipandisha, zinajitokeza. Jambo hili lilichunguzwa Marekani na Fletcher na Munson mwaka 1933. Kwa hiyo sauti iliyotengenezwa chumbani usiku kwa hedifoni, ikaongezwa besi mpaka ikapendeza, ukiileta kanisani na mtambo umefunguliwa, inavuma na kumfunika mpiga besi, na ile ncha kali inamkata mama aliyeketi mbele ya spika. Ndiyo maana fundi wa mitambo anakuteremsha kila Jumapili, halafu wewe unadhani anakuchukia.

La tatu ni nyimbo zetu. Priseti nyingi zinazouzwa kwa makanisa zimetengenezwa kwa nyimbo za kuabudu za Ulaya, Marekani na Australia: mwangwi mrefu, na mvumo kama wa ukumbi mkubwa. Kwa wimbo wa taratibu, inapendeza sana. Lakini wewe unajua dakika ya ishirini ya ibada yetu inakuwaje. Mpiga ngoma anabadilisha, kina mama wanavua viatu, gitaa linaingia sebene. Sebene inataka kila noti isikike peke yake, kavu, ya haraka. Ukiipiga juu ya mwangwi mrefu, noti zinapandana na unapata uji. Hata hesabu inakataa. Mwangwi ule unaopendwa, wa robo tatu ya pigo, katika wimbo wa mapigo 72 kwa dakika ni milisekunde 625. Katika wimbo wa mapigo 120 ni milisekunde 375. Asiyejua hivyo anabeba mwangwi wa wimbo mmoja kuuingiza katika wimbo mwingine, kisha anamlaumu mpiga ngoma.

Paulo aliwaandikia Wakorintho, barua ya kwanza, sura ya 14, kwamba filimbi au kinubi kisipotofautisha sauti, hakuna atakayejua kinachopigwa. Hapo alikuwa akifundisha juu ya kunena kwa lugha, lakini mfano aliouchukua ni wa chombo cha muziki. Kusikika waziwazi ni sehemu ya huduma. Kanisa likishindwa kusikia maneno ya wimbo kwa sababu gitaa limejaza kila mahali, hapo hatujaabudu vizuri hata kama sauti hiyo iliuzwa ghali.

Mtu ataniambia, “Pasta, mimi ninaamka saa kumi na moja asubuhi, ninarudi usiku, siku sita kwa wiki. Wakati wa kukaa na vifungo nitautoa wapi?” Ndugu yangu, nakuelewa. Na sitasema Biblia inakataza kununua ujuzi wa mtu mwingine. Sulemani alipojenga hekalu alimwita Hiramu kutoka Tiro, fundi wa shaba, kwa sababu kazi ile ilihitaji mkono wake. Liko 1 Wafalme 7. Mtu aliyesomea kazi anastahili ujira wake. Priseti nzuri inaweza kuwa mwalimu, ukiifungua na kuitazama: ametumia ampu gani, ameweka mwangwi kiasi gani, besi ameikata wapi. Nunua moja, ichambue, ibadilishe mpaka ilingane na gitaa lako. Huko ni kusoma. Ninachokataa ni kununua ya kumi kwa sababu ya tisa haikukufanya usikike kama yule wa kwenye video.

Na hapa niseme wazi, mnisamehe. Kununua priseti moja kisha kuituma kwa wapiga gitaa ishirini kwenye WhatsApp ni wizi. Usiseme ni kwa kazi ya Mungu. Mungu hana upungufu wa kumfanya akuombe uibe.

Basi mpiga gitaa afanye nini? Jumamosi ya mazoezi, fika saa moja mapema. Mwombe fundi wa mitambo awashe spika kwa kiwango cha Jumapili. Fungua nafasi tupu kwenye mashine. Weka ampu moja safi na kabineti moja, basi. Kama waya unaenda moja kwa moja kwenye miksa, kabineti ya kuigwa iwe imewashwa. Kama unaenda kwenye ampu halisi ya gitaa, izime, la sivyo sauti inapita kwenye kabineti mbili na kufifia. Kata besi iliyo chini ya hezi 80 hivi, kwa maana uzi wako mnene kabisa ukiwa wazi unaanzia karibu hezi 82. Chini ya hapo ni nyumba ya besi na ngoma. Halafu piga pamoja na kinanda na waimbaji, sio peke yako. Ukiridhika, ndipo uongeze mwangwi kidogo. Hifadhi. Tengeneza sauti tatu tu: ya kuabudu, ya sifa, na ya sebene. Mpiga gitaa mwenye sauti tatu anazozijua atalisaidia kanisa kuliko mwenye mia mbili alizonunua.

Kumbuka wapigaji wa benga kule Nyanza. Gitaa lilikuja kutoka nje, lakini vidole vyao vilikuwa na nyatiti ndani, wakalifanya gitaa liseme kama nyatiti. Hawakusubiri mtu wa mbali awatumie sauti yao.

Tena fikiria siku ambayo mashine itaibwa, ama memori yake ifutike. Aliyenunua atabaki kulia. Aliyejenga ataazima mashine nyingine, na kabla ya ibada kuanza, sauti imerudi, kwa sababu haikuwa ndani ya mashine. Ilikuwa ndani yake.

Na hapa ndipo nataka wewe usiyepiga gitaa uamke.

Wewe una maombi yako, ama unarudia ya mhubiri fulani wa mtandaoni, mpaka na kikohozi chake? Ukiamka usiku mtoto ana homa, una neno ulilolijaribu, ama unatafuta bando ununue ujasiri wa mtu? Wana wa Skewa, katika Matendo 19, walilitumia jina la Yesu kama kitu cha kuazima, Yesu yule ambaye Paulo alimhubiri. Pepo akawajibu kwamba Yesu anamjua na Paulo ana habari zake, lakini wao ni akina nani? Wakatoka mbio, uchi, na majeraha. Jina lilikuwa la kweli. Wao ndio hawakuwa na uhusiano na mwenye jina.

Sikiliza mahubiri, soma vitabu, jifunze kwa waliokutangulia. Hizo ni priseti nzuri, tumia. Lakini ingia chumbani, funga mlango, uanze na nafasi tupu mbele za Mungu. Mwanzoni sauti yako itakuwa nyembamba. Usiogope. Kombeo la Daudi nalo halikuwa la kutisha, ila alikuwa amelitumia porini ambako hakuna aliyemwona.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamati ni hili. Pesa za idara ya muziki zisinunue rundo la priseti. Zilipe umeme wa saa ile ya Jumamosi, waya mzuri, na nauli ya mpigaji mwenye uzoefu aje awafundishe vijana wetu, wakiwemo wale wadogo wanaokaa nyuma ya spika wakitazama vidole. Baada ya miezi mitatu, kila mpiga gitaa atuonyeshe sauti tatu alizojenga. Akitaka kununua priseti baada ya hapo, anunue kwa amani, kwa sababu atajua anachonunua.

Tuombe. Baba, tufundishe kukutumikia kwa kile tulichokijaribu pamoja nawe. Ibariki mikono ya vijana wetu. Uwape uvumilivu wa kujifunza, na unyenyekevu wa kupunguza sauti wanapoambiwa. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umepokea, andika Amina, na umtumie mpiga gitaa mmoja ujumbe huu. Huu hauuzwi. Tukutane Jumapili, mbarikiwe sana.