Pikipiki ya Kiwanda: Nani Mwenye Kauli?

Katika mbio za motokrosi, zinazokimbizwa kwenye njia za udongo na vilima, mtazamaji humwona mpandaji akiruka juu, akadhani kwamba ushindi na kushindwa vimo mikononi mwake peke yake. La hasha. Nyuma ya kila mpandaji wa timu ya kiwanda yupo mwenye mali. Yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu fremu itakayotumika, springi zitakazofungwa na nguvu itakayopewa injini. Pikipiki hiyo si ya mpandaji wala si ya fundi. Ni mali ya kiwanda.

Mamlaka hayo yana sababu zake, wala si haki kuyabeza. Fremu ikikatika hewani, anayeumia ni mpandaji, na linalolaumiwa ni jina lililoandikwa kwenye tangi. Fundi anayetoboa chuma kwa kukisia ili kupunguza uzito anacheza na maisha ya mwenzake. Hapana budi awepo mtu wa kupima, kuandika na kuwajibika.

Hata hivyo, wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mhandisi ana vipimo vyake mezani, lakini anayejua jinsi gurudumu la nyuma linavyorukaruka penye mashimo ni yule aliyelikalia. Wala maarifa hayazaliwi kiwandani tu. Mwaka 1973 Håkan Andersson wa Sweden alitwaa ubingwa wa dunia wa daraja la 250 kwa pikipiki ya Yamaha yenye springi moja ya nyuma badala ya mbili zilizozoeleka. Mbinu hiyo ilibuniwa na Lucien Tilkens, mhandisi wa Ubelgiji. Yamaha waliichukua fikra ya mtu wa nje, na baadaye wakaitia katika pikipiki za kuuzwa kwa watu wote. Kiwanda kilichosikiliza ndicho kilichofaidika.

Ubaya huanza pale mamlaka yanapogeuka kuwa siri. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, viwanda vikubwa vya Japani viliunda pikipiki za pekee kwa ajili ya timu zao, ambazo mtu wa kawaida hakuweza kuzinunua dukani. Kijana aliyejinunulia pikipiki kwa jasho lake alipangwa mstari mmoja na mashine hizo. Rangi ilikuwa moja na jina lilikuwa moja, lakini vyombo vilikuwa viwili tofauti kabisa.

Chama cha Waendesha Pikipiki cha Marekani, AMA, kilikata mzizi huo mwaka 1986. Kiliamuru kwamba pikipiki za mashindano yake makuu zitokane na zile zinazouzwa kwa umma, na kwamba sehemu kubwa, kama vile fremu na kasha la injini, zibaki za aina hiyohiyo. Wapo waliohofu kwamba ufundi ungekufa. Haukufa. Mwaka huohuo Rick Johnson alikuwa bingwa wa supercross wa Marekani akiwa na Honda. Kilichobadilika ni kwamba kiwanda kilichotaka fremu bora kwa bingwa wake kililazimika kuitia pia katika pikipiki ya mnunuzi.

Katika mashindano ya dunia pikipiki za pekee bado zinaruhusiwa, na wapo wanaozitetea kwamba ndiko mambo mapya yanakojaribiwa. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini jaribio lisilomfikia mtumiaji halina tofauti na somo ambalo mwalimu amelifungia kabatini.

Kiwanda, basi, kiachiwe wajibu wa usalama; fundi na mpandaji wasikilizwe; na kanuni ya chama ihakikishe kwamba maarifa hayaishii nyuma ya malango ya kiwanda. Chombo huboreshwa na wengi, na faida yake nayo iwafikie wengi.